Shugo Aliporuka

Kwenye kendo, mchezo wetu wa Kijapani wa kupigana kwa panga za mianzi, ukimpiga mwenzako pigo safi, unarudi mahali pako umenuna kama mtu aliyetoka msibani. Hukunji ngumi, hucheki. Ukionyesha furaha waamuzi wanakufutia pigo lako, kwa sababu uliyempiga ni mtu, na maumivu ya mtu hayashangiliwi. Sheria hiyo tunaijua kabla hatujajua kujifunga mkanda. Shugo aliijua vizuri kuliko wengi wetu. Ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka fainali ile naanza kwa hasira na kuishia kwa machozi.

Shugo na Tatsumi walikulia ukumbi mmoja hapa Hirosaki, chini ya mwalimu mmoja, nami Chigusa nikiwa katikati nikiwaamulia ugomvi. Wakati wa likizo walipigana kwa panga za mianzi chini ya mitofaa ya baba yake Shugo, na huko hakukuwa na mwamuzi wala sheria. Aliyefanikiwa kumpiga mwenzake aliruka juu kidogo, miguu pamoja, kama mwanambuzi. Kisha sekondari ikawatenganisha. Shugo alikuja shule yetu, Tatsumi akaenda shule ya ng'ambo ya mto. Kila mwaka walikutana kwenye mashindano, na kila mwaka Tatsumi alishinda, nasi tukarudi na treni bila kombe.

Mwaka wetu wa mwisho walikutana fainali ya mkoa. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba jicho la kulia la Tatsumi lilikuwa linachanika kwa ndani. Daktari alikwisha kumwambia: atapasuliwa wiki ijayo, na asipigwe tena kichwani maisha yake yote. Kendo bila kupigwa kichwani ni kuogelea bila kulowa. Alikaidi, akamficha mama yake, akaja. Aliyemwambia ni Shugo peke yake, asubuhi ile, kwenye ngazi za ukumbi. Kwa hiyo Shugo alijua kwamba akitaka kumshinda Tatsumi hata mara moja, ni leo, au asimshinde kamwe.

Mimi nilipofika niliyakuta maneno ya mwisho tu.

"Nikiona unanihurumia, sikusemeshi tena."

"Nani akuhurumie wewe? Leo utanitambua."

"Kila mwaka unasema nitakutambua. Sura yako naijua, kaka. Kipigo chako ndio sijakiona."

Nikacheka nikapita. Nilidhani ni utani wao wa siku zote.

Muda wa kawaida uliisha hakuna aliyempata mwenzake. Wakaongezewa muda, na hapo anayetangulia kupiga ndiye bingwa. Nikaanza kuona kitu nisichokielewa. Shugo, ambaye hatukuwa na mpiga kichwa kama yeye shuleni, hapigi kichwa. Nafasi ilimfungukia, akaiacha. Ikamfungukia tena, akaiacha tena.

"Huyu mtoto ana nini leo?" mwalimu wetu alinong'ona. "Amelogwa?"

Kisha Tatsumi akainua mikono, na Shugo akaingia chini yake akampiga kwenye kifundo cha mkono. Lilikuwa pigo dogo, kavu, lililosikika hadi juu tulikokaa. Bendera tatu nyeupe za waamuzi, rangi ya Shugo, zikapanda pamoja.

Na Shugo akaruka. Juu kidogo, miguu pamoja. Hakuruka kwa ajili ya watazamaji. Alikuwa anamtazama Tatsumi, na mabega ya Tatsumi yalitikisika kwa kicheko ndani ya kofia yake yenye wavu wa chuma. Kwa muda ule mfupi walikuwa wamerudi kwenye mitofaa, wote wawili.

Waamuzi wakakutana katikati ya uwanja, wakasemezana. Mwamuzi mkuu akarudi mahali pake, akazipitanisha bendera zake chini mbele ya magoti. Pigo limefutwa. Nilisimama nikamwita yule mzee jina ambalo sitaliandika hapa. Alikuwa na haki, na hilo ndilo linaloniuma.

Wakaanza upya. Tatsumi angeweza kumwachia, lakini kumwachia Shugo kungekuwa kumtukana mbele ya mkoa mzima. Akampiga kichwani, pigo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akipiga. Bendera nyekundu zikapanda. Akarudi mahali pake, akainama, hakutikisika.

Niliwakuta baadaye wamekaa kwenye zile ngazi, na matonge ya wali ya mama yake Shugo yako kati yao, hayajaguswa.

"Mbona hukunipiga kichwa?" Tatsumi aliuliza.

"Sikuona nafasi."

"Mwongo. Nilikufungulia mlango mara mbili nzima."

Shugo alikuwa anachezea kamba ya glavu. "Jicho lako, bwana."

Hapo ndipo nami nilipojua.

"Nilikwambia usinihurumie."

"Nimekupiga, sijakupiga?"

"Umenipiga. Mkono unaniuma mpaka kiwiko."

"Basi waambie."

"Nimwambie nani, na kombe nimepewa mimi?" Tatsumi alifunika uso kwa kile kitambaa tunachovaa ndani ya kofia, akalia bila kujificha. "Mpumbavu wewe. Uliruka kwa nini?"

"Nilifurahi," Shugo alisema. "Nilijisahau. Nilidhani tuko nyumbani."

Upasuaji haukusaidia. Jicho lile lilizima, na la pili linalifuata polepole. Shugo aliingia polisi, akaendelea na kendo, na sasa anaogopwa nchi nzima. Anapiga, anarudi mahali pake, uso mkavu. Walimu huwaonyesha watoto: tazameni, hivyo ndivyo anavyotakiwa kuwa mtu.

Kila anaposhindana nampeleka Tatsumi. Anakaa kando yangu na tofaa mkononi, kutoka kwenye mitofaa ileile, akisikiliza miguu na mianzi. Shugo akipiga pigo safi ukumbi unaguna, na Tatsumi ananiinamia sikioni.

"Ameruka?"

"Hapana," namwambia. "Hajaruka."

Anatikisa kichwa, anasubiri pigo linalofuata.