Makofi Mawili kwenye Bodi

Kwenye ghala lile lori halirudi nyuma kwa honi wala kwa kupiga kelele; kelele zipo za kutosha. Mpakiaji hupiga bodi ya lori kwa kiganja. Kofi moja, simama. Mawili, rudi. Dereva akisikia mawili hatazami hata kioo.

Asubuhi hiyo Kifua, mpakiaji wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameegemea bodi. Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa ameinama ukingoni mwa jukwaa la kupakilia akichomoa kabari ya mbao nyuma ya lori. Shemeji akatupa utani kwamba tumbo la msimamizi hufika kazini dakika tano kabla yake. Kifua akacheka mpaka akapigapiga bodi. Pa! Pa! Kicheko tu, jamani. Lori likarudi.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Vidole vitatu vya mkono wa kulia wa shemeji vilikwenda, na havikushoneka.

Siku ya tatu msimamizi alimsogezea Kifua karatasi. Ilisema majeruhi alizembea, hakuvaa glavu.

"Wewe ndiye shahidi. Weka sahihi."

"Nisipoweka?"

"Tutauliza nani alipiga bodi."

Glavu! Kana kwamba glavu inazuia lori. Tena zilikuwa pana kama mifuko, na msimamizi huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwafokea wazivue ili kazi iende. Kifua aliyajua yote hayo. Akasaini, mtu mzima na vidole vyake kumi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni alikwenda kuwaona. Dada yake alimpokea mlangoni akilia, barua ya kumfukuza mumewe kazi mkononi.

"Kaka, eti uzembe wake! Wewe si ulikuwepo? Nani alipiga bodi?"

"Nilikuwa upande wa pili," Kifua akasema, macho sakafuni. "Sikuona."

Shemeji alikuwa kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. Siku ile walikuwa wakitazamana uso kwa uso. Kifua alingoja amuumbue. Aliona aibu hata akatamani iwe hivyo, yaishe.

"Kweli, mke wangu," shemeji akasema taratibu. "Kaka yako hakuwepo." Kisha akageukia ukutani.

Dada akafuta machozi, akamshika kaka yake mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akuweke, kaka. Tumebaki na wewe tu."