Anayekuelekea Ndiye Anayeng'aa

Binti Protoni aliingia chumba cha semina kama aliyekwisha kuvaa joho. Jina hilo wenzake walimbandika kwa ubishi wake. Blaza ni galaksi ambayo shimo lake jeusi hurusha mkondo wa chembe unaotuelekea sisi usoni, na wote pale walisema mwanga wake mkali kabisa hutoka kwa elektroni, chembe nyepesi. Yeye alishikilia protoni, zile nzito. Semina ikimkubali, anahitimu. Ikimkataa, masomo yake yote yamekwenda na maji.

Msimamizi wake, waliyemwita Baba, alikaa mbele, miguu juu ya kiti cha jirani.

"Haya mwanangu, tushibishe."

Binti akaonyesha grafu. Mstari wa hesabu yake ulipita katika kila nukta ya vipimo, na makofi yakaanza. Baba akakuna kidevu.

"Na hizo protoni zako, shimo lina nguvu ya kuzirusha?"

"Hesabu inadai nguvu zaidi ya ile shimo linayoweza kutoa, Baba. Mara kumi."

"Lo! Unga wa kibaba, karamu ya kijiji kizima!"

Chumba kikaangua kicheko.

Mkondo unaokuelekea huonekana unang'aa kupita ulivyo, kwa hiyo lazima upunguze sifa zake ndipo uujue. Binti alitaka kuugawanya mwanga kwa thelathini, na nguvu inayodaiwa ingeshuka. Baba ndiye aliyemwambia, tumia kumi, usijihangaishe.

"Lakini Baba, kumi ulinipa wewe."

"Nilikupa, ndiyo. Si uling'ang'ania protoni? Jamani, mtoto akililia wembe?"

"Mpe!" wakaitikia wote, kama darasa la chekechea.

Baba akageuza kiti kumwelekea Kaka Mpole, mwanafunzi mwenzake. "Wewe chukua protoni hizo, weka thelathini, uandike makala. Mimi na wewe."

"Samahani, dada," Kaka Mpole alinong'ona.

"Usimbembeleze, atadeka."

Miaka yote Binti alikuwa akimsifu Baba kwa mama yake nyumbani: mtu yule ni jua. Leo alimwona kutoka ubavuni, kwa mara ya kwanza. Mzee wa kawaida, shingo nene, kola imechakaa, akimchekea mtu mwingine.

"Ukitoka zima projekta," Baba alisema bila kugeuka.

Akaizima. Na bado, aibu iliyoje, alisimama pale gizani kidogo, akingoja Baba ageuke.