Vidole Vinne kwa Siku

Chaki alikuwa ameshona mkono mmoja wa shati la shule na kuubana wa pili kwa pini wakati ardhi ilipomtekenya nyayo kwa mara ya sita asubuhi ile. Akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akacheka hadi akaishika meza, akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa, kisha akaendelea na mkono wa pili.

Mitetemeko ya mtaa ule ndivyo ilivyokuwa. Haikuwahi kuangusha kitu kizito kuliko kifuniko cha sufuria. Ilikuja kwa makundi, thelathini au arobaini kwa siku, midogo midogo, ikaingilia nyayoni na kupanda hadi mbavuni, na kila aliyefikiwa alicheka. Watu walicheka kwenye foleni ya benki. Msibani walicheka vizuri tu, kisha wakarudi kulia palepale walipoachia. Ni daktari wa meno peke yake aliyebandika tangazo mlangoni: wagonjwa waje kati ya saa nane na saa tisa, ardhi inapopumzika.

Jioni ikifika, upande mmoja wa ufa huwa umesogea. Haukupanda wala haukushuka. Ulisogea kando, kama mtu anayejivuta kwenye benchi kumpisha mwenzake. Na ufa wenyewe ulipita chini ya nyumba aliyoiacha baba yake Chaki, seremala, ukaigawa mahali hasa ilipogawiwa na ukoo: chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, cha kaka mkubwa, chumba cha nyuma cha Chaki.

Kaka aliitwa Mhuri, kwa kuwa alichonga mihuri ya mpira. Kila ofisi ya mji ule iligonga kazi yake. Wateja wa Chaki iliwabidi wapite dukani mwake, katikati ya meza na kabati, na alipofunga yeye, Chaki naye amefungwa. Na Mhuri alipenda kufunga. Alifunga akila, akilala, akikasirika. Mwaka uliotangulia alikasirika wiki tatu mfululizo, sare arobaini zikakaa zimekunjwa chumba cha nyuma, na zilipotoka watoto walikuwa wamezipita kwa urefu. Mama zao wakahamia kwa fundi mwingine. Chaki alibakiwa na wateja kumi na wawili, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Ardhi ilipoanza kusogea, shangazi yao aliitisha kikao. Mhuri alikuwa wa kwanza kusimama.

"Tusije tukatoana macho," alisema. "Ardhi ikimletea mtu kitu mbele yake, ni chake. Yameisha."

Alikuwa na sababu. Kwa hesabu zake, chumba chake kilikuwa kinaelekea kulia, na kule nyuma upande wa kulia kulikuwa na kisima. Kushoto kulikuwa na choo cha jirani.

"Kaka," Chaki alisema, "mbona kinaenda kushoto? Nimeweka alama kwa chaki, nimepima kwa tepu. Vidole vinne kwa siku."

"Wewe shona."

Tatizo ni kwamba mtu aliyechonga herufi kinyumenyume kwa miaka ishirini na miwili, kulia na kushoto kwake vilishazoea kubadilishana viti. Mhuri akaenda dukani, akachonga mhuri mpya, KITAKACHOKUFIKIA NI CHAKO, akaugonga mara tatu kwenye karatasi ya kikao. Chaki akatia sahihi. Ardhi ikawatekenya wote, na kikao kikafungwa kwa furaha kubwa.

Chumba cha mbele kikaenda kushoto.

Wiki ya kwanza mlango wa katikati ulipishana kidogo, wateja wakaingia kwa Chaki kiubavu. Wiki ya pili waliingia watoto peke yao. Wiki ya tatu zilipita nguo tu, zikiwa zimekunjwa vizuri. Kisha mlango ukazibika kabisa, na Chaki akakaa siku nne akishona kwa mwanga wa dirisha la uani lenye nondo, akila mikate aliyorushiwa na jirani mwenye choo, ambaye alikuwa na shabaha.

Siku ya tano kabati la mihuri likapasuka. Nyuma yake, kwa jinsi kuta zilivyosuguana, kukatokea korido nyembamba iliyozibwa kwa matofali mwanzo na mwisho, yenye fremu ya mlango iliyopakwa rangi ya buluu. Juu ya fremu kulikuwa na maandishi ya penseli ya seremala: *Njia ya Chaki. Isizibwe.*

Shangazi akaletwa. Akavaa miwani, akasoma, akaivua.

"Huu mwandiko wa kaka yangu kabisa. Hii herufi ya Ch, tangu shule alikuwa anaivimbisha tumbo hivi hivi. Mhuri, ulijua?"

"Mwandiko ni wake, shangazi, sikatai," Mhuri alisema. "Lakini hauna mhuri."

Watu wakalifikiria hilo. Lilikuwa kweli. Njia ikabaki imezibwa, na jirani akaendelea kurusha mikate.

Baada ya mwezi na nusu, chumba cha mbele kilikuwa kimempita Chaki na kumaliza, na kilichoburutwa kutoka kulia hadi mbele ya ukuta wake ni kichochoro cha mtaa, njia ya wote, pamoja na mtaro wake na paka wawili. Chaki akaazima nyundo kupitia dirishani. Akatoboa mlango kwenye pembe ya kulia ya ukuta, na kwa mara ya kwanza jua la barabarani likakanyaga cherehani yake. Kabla ya saa sita mama wa watoto walishapanga foleni. Alipima mabega yanayocheka na viuno vinavyocheka, tepu ikiruka mkononi kama samaki. Hakuna sare iliyokosewa hata inchi.

Mhuri naye alifungua mlango wake wa nyuma akakuta choo. Jirani alikuwa muungwana, akamkabidhi ufunguo.

"Kimekufikia," alisema. "Ni chako. Tundu la kushoto linaziba ziba."

Siku ya tatu Mhuri akarudi na mpimaji wa ofisi ya ardhi. Mpimaji alitandaza ramani juu ya meza ya Chaki, akaikandamiza kwa mkasi.

"Ramani inasema hapa mbele ni kiwanja cha kaka yako."

"Kiwanja kimesogea, bwana mpimaji. Kile pale, na nyumba juu yake."

"Ile ni nyumba yake. Si anao ufunguo?"

"Kwa hiyo pale ni pake na hapa ni pake?"

"Ardhi inasogea, dada. Ramani haisogei."

Chaki akamwonyesha karatasi ya kikao. Mpimaji akaisoma kwa heshima, akageuza nyuma, akageuza mbele.

"Mhuri mzuri," alisema. "Nani kachonga?"

"Yeye."

"Hata wetu kachonga yeye," akasema mpimaji, akautoa mfukoni, akaugonga kwenye ramani. Ardhi ikawatekenya. Wakacheka wote watatu, mpimaji akijishika mbavu, na wino ulipokauka akakunja ramani akaondoka.

Jioni ile Mhuri alijenga uzio wa mbao kukatiza kichochoro, kuanzia kushoto mwa ukuta wa Chaki hadi kulia, mlango wa Chaki ukabaki umefungiwa nyuma ya mbao.

Ardhi haijaacha. Kila asubuhi uzio huwa umekwenda kushoto vidole vinne, na kulia, mbele ya mlango wa Chaki, kunakuwa na nafasi ya vidole vinne. Kila asubuhi Mhuri anakuja na ubao mmoja, nyundo, na misumari mdomoni.

"Umeamkaje, dada?"

"Salama, kaka. Leo ni vinne na nusu."

Na kila asubuhi Mhuri huenda kwanza mwisho wa kushoto. Anapapasa, anapima, anashangaa kukuta pamekaza, anarudi pole pole akihesabu mbao. Ni mwendo wa dakika sita, saba ardhi ikimtekenya. Sare moja ikikunjwa vizuri hupita kwenye vidole vinne, na mama wa watoto wanaijua saa.

Shangazi alimwuliza Chaki kwa nini hamwambii kaka yake pengo liko upande gani.

"Aliniambia nishone," alisema Chaki, akatia uzi kwenye sindano.