Upepo wa Ekseli ya Nyuma

...na usiondoe macho kwenye hiyo saa, Mzee, mshale ukirudi chini hata kidogo uniambie, ndivyo alivyosema Mbugua kabla ya kujisukuma kwa mgongo chini ya gari, na Oduor akaitikia kwa sauti ileile aliyowaitikia wakubwa wake katika masijala ya mkoa, ndiyo, nitaangalia, kana kwamba kuutazama mshale mweupe ndani ya saa ndogo ya kupimia upepo iliyobandikwa jana kwenye dashibodi ni kazi inayohitaji cheo, na huenda inahitaji, maana katika gereji hii ya Nyamasaria, Alhamisi ya tarehe 13 Machi 2025, watu ni watatu na anayeuona mshale ni mmoja, Mbugua yuko chini ya ekseli, Dorca yuko nje kwenye benchi akimenya machungwa, na yeye Oduor, mumewe Dorca, amekaa kwenye kiti cha dereva cha Land Rover yake mikono magotini kama mtu anayengoja kuitwa, madirisha yako wazi kwa sababu hayapandi tangu mwaka 2009, na mshale umetulia pale ulipowekwa, haupandi, haushuki, na laiti ungeshuka... hapana, hakulisema hilo, lilijisema lenyewe, laiti ungeshuka, kwa maana loka hii mpya, ile inayoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja ili moja lisizunguke bure kwenye tope huku jingine limesimama, hufungwa kwa upepo wa kompresa, na upepo ukivuja ndani ya ekseli hakuna dawa ila kufungua yote upya, kumwaga oili, kuchomoa shafti, kuitoa difu nzima, lile bonge la gia katikati ya ekseli, na kuiweka mezani, kazi ambayo haitakwisha kabla ya Jumamosi, na Jumamosi ikipita masika yataingia, na masika yakiingia hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezungumza habari za kwenda Kobura hadi mwaka mwingine, haya yote kwa neno moja la mzee aliyeketi, umeshuka, nani atabisha, saa yenyewe inamtazama yeye peke yake.

Jumamosi ndiyo siku ya kuhamia boma, siku ambayo Oduor, kifungua mimba wa nyumba ya marehemu baba yake, atatoka alfajiri katika boma la baba pamoja na Griffins, mwanawe wa kwanza, ameshika shoka, na jogoo, na Dorca amebeba moto, na baba mdogo akitangulia, waende kwenye kiwanja chake kule karibu na ziwa, wasimamishe nyumba siku hiyohiyo na walale humo, kwani mtu akishatoka kwa baba yake kwa namna hiyo harudi kulala alikotoka, mvua inyeshe, gari likwame, harudi, na mdogo wake Odongo anangoja miaka yote hii kwa sababu mdogo hamtangulii mkubwa kutoka, Odongo mwenye mvi tayari, ambaye vijana wake wameoa wakamrundikia nyumba nyuma ya nyumba kama viti baada ya harusi, na hajawahi kulalamika, husema tu kwenye simu, ndugu yangu, udongo umekauka kidogo wiki hii... na udongo wa Kobura ni udongo gani, mweusi, unaoshika kiatu ukabaki nacho, udongo uliompa Oduor hoja zake zote, mwaka 1997 ilikuwa El Nino na hakuna aliyethubutu kumpinga, mwaka 2010 daraja dogo lilichukuliwa na maji, Mei 2020 ziwa lenyewe lilipanda likayafuata mafunjo hadi kwenye mahindi ya watu, Aprili 2024 kila mtu aliona, na kila mara Dorca alinyamaza akamwongezea chai, naye akadhani kunyamaza ni kukubali, mtu aliyeishi na mwanamke huyu tangu tarehe 9 Desemba 1978 angepaswa kujua zaidi. Maana mwaka jana maji yalipopungua Dorca alimpigia Griffins huko Nakuru, Griffins anayependa kupanda milima na magari wakati wenzake wako kanisani, akamwuliza, mwanangu, kuna kitu gani kinawekwa kwa gari lisikwame, naye akamwambia kwanza magurudumu makubwa, lakini magurudumu makubwa yataielemea injini, kwa hiyo zitafutwe gia nyingine za difu zenye nguvu zaidi na mwendo mdogo, halafu loka, na mama mtu akasema tu, haya, na siku sanduku zito lilipoletwa kwenye nyumba yao ya kupanga Kondele, Oduor alidhani ni cherehani na akafurahi kwa niaba yake, cherehani, akamwuliza, utashona nini, naye akajibu, nitashona barabara...

"Mama, hii gari ikitoka hapa itapanda hata ukuta," sauti ya Mbugua kutoka chini, na ya Dorca kutoka nje, "Ukuta sina haja nayo. Nataka ipite tope ya Kobura tu." "Na Mzee mwenyewe atapita?" "Huyo ndiye nashindwa kama kuna loka yake," na wakacheka wote wawili, Mbugua akikohoa kidogo kwa vumbi, na Oduor akajikuta anatabasamu kwenye kioo cha mbele kabla hajakumbuka kwamba anayechekwa ni yeye. Si mtu mbaya Mbugua, alikuja Kisumu akitoka Murang'a mwaka 1994 na sanduku la spana, akasema atakaa miezi michache, sasa anasema omera, yaani ndugu, kuliko Wajaluo, na ukimwambia jambo la mila hasikilizi kwa adabu bandia, huuliza, kama anavyouliza sasa, "Lakini Mama, kwani jogoo ni ya nini? Sisi kwetu mtu akipata shamba anajenga, anaingia." "Na jogoo?" "Jogoo tunakula." "Hata sisi tunakula. Lakini kwanza aingie na miguu yake," na machungwa yananukia hadi ndani ya gari. Oduor alizipinga gia hizi, alisema kiwanda kiliweka gia zake mwaka 1986 na kiwanda hakikuwa na haraka, hadi Jumatatu aliposimama mezani akamwona Mbugua akipaka meno ya gia rangi ya njano kwa brashi ya mswaki, akaizungusha polepole dhidi ya pinioni, ile gia ndogo inayoisukuma, wakainama wote kuangalia mahali rangi ilipofutika, na alama ilikuwa pembeni, Mbugua akatoa pinioni, akaongeza bati jembamba kama ganda la kitunguu, akapaka tena, akazungusha, akatikisa kichwa, akatoa tena, hata alama ilipokuja kukaa katikati ya jino, laini, kama ya midomo kwenye kikombe, na Oduor akasahau kupinga, akasema hiyo ndiyo, kwa furaha ya mtu aliyepitisha maisha akipenda vitu vikae mahali pake, halafu usiku ule hakulala vizuri, kwa maana kitu kikikaa mahali pake hakuna kisingizio tena...

"Mzee, mshale uko aje?" Bado naangalia, akajibu. "Unaangalia nini muda huo wote, hiyo ni saa ama ni TV?" Usinihimize, fundi, akasema, jambo linaangaliwa hadi liishe, na Mbugua akacheka, na mshale bado uko palepale, na kitu gani hasa anakiogopa, mtu wa miaka sabini na mitatu, mzee wa kanisa, kama si mkono wa baba yake, mkono ule wa Agosti 1985 walipokwenda kuonyeshwa kiwanja, baba amevaa koti katika jua lile, akanyoosha mkono akasema nyumba itasimama hapa, na bila kuushusha akausogeza kulia akasema, na hapa utalala wewe siku yako ikifika, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayempangia mgeni chumba, na Oduor mwenye miaka thelathini na mitatu na tai shingoni akaangalia kipande kile cha nyasi akakiona kinamwangalia, na tangu siku hiyo kila wanapotaja Kobura haoni nyumba, haoni ziwa, anaona kipande kile tu, na akili inasema usipojenga hakitakuita, hoja ya mtoto, anajua ni ya mtoto, ameifunika na mvua na madaraja miaka arobaini... "Wacha nikuambie kitu, Mbugua," anasema Dorca sasa, na sauti imeshuka, haina mzaha, na Oduor hataki kusikiliza na anasikiliza, "watu wanafikiri mimi nataka mabati. Mabati ni ya nini. Niliolewa sabini na nane, nikapikia kwa jiko ya mama mkwe. Tukakuja hapa nikapikia kwa nyumba ya serikali. Akastaafu, tukatoka, nikapikia kwa nyumba ya landilodi. Sasa huyu mzee akitangulia kabla tujenge, mimi ni wa wapi?" Mbugua akasema, "Si utakaa tu kwake." "Kwake ni wapi? Mjane haanzishi boma peke yake. Watanisimamishia kanyumba haraka haraka juu ya matanga, mtu mwingine ashike shoka, na watu wanaingia wanalia. Nitakuwa mgeni kwa matanga ya bwana yangu." Spana iligonga chuma mara moja, ikatulia. "Na umewahi kumwambia hivyo?" "Mambo ingine haiambiwi mtu. Nimemwambia na hii gari."

...na Dorca anajua madirisha hayapandi, bila shaka anajua, ni yeye aliyekifunika kiti hiki kwa nailoni mvua zote hizo tangu 2009, au hajui, au alijua na akasahau, haidhuru, neno limeingia, mgeni kwa matanga ya bwana yangu, Dorca ambaye katika nyumba ya serikali hakupigilia hata msumari mmoja ukutani kwa sababu alisema ukuta si wetu, na Oduor akamsifu mbele ya watu kwamba mke wangu anaheshimu mali ya umma, loo, alimsifu, na huko Kondele pia kalenda imeegemezwa kabatini, haijatundikwa, miaka yote hii ameipita kalenda hiyo kila asubuhi akaisoma tarehe na hakuona kwamba haijatundikwa... na mkono wa baba, ngoja, mkono wa baba haukwenda moja kwa moja kutoka nyumba hadi nyasi, kulikuwa na kitu katikati, baba alisema nyumba itasimama hapa, kisha akageuka kumtafuta Dorca aliyekuwa nyuma na mtoto mgongoni akiondoa miiba kwenye sketi, akamwita, njoo wewe mwenyewe uone, mlango wako utaangalia huku, upepo wa ziwa ukija jioni hautakuzimia moto, na Dorca alisogea akasimama hasa mahali pale, akageuka uso kuelekea majini, akafunga macho kidogo, kama mtu anayejaribu kiti, hayo yote yalitendeka, na ndipo baba akasogeza mkono kulia, na Oduor akachukua mwisho wa maneno akaenda nao mjini, akamwachia mkewe mwanzo wake amesimama nao pale katika jua la Agosti, na hadi leo hajaketi, na yeye alikuwa hapa sasa hivi akitaka kusema umeshuka.

"Umesimama," akasema, na sauti ikatoka kavu hata Mbugua hakusikia, ikambidi aseme tena, "Mshale umesimama, fundi. Haujashuka hata kidogo." Nje kisu kilikoma kumenya. "Sawa sawa," akasema Mbugua, "lakini tuupatie dakika zingine kidogo, Mzee, hizi mpira za ndani wakati mwingine zinakudanganya mwanzoni, zinavuja baadaye," na Oduor akaitikia, ndiyo, nitaangalia, akavuta mwili hadi kifua kikagusa usukani, akaiondoa miwani akaifuta kwa tai akairudisha, na mshale ni uleule, mweupe, juu ya namba ileile, na sasa aliuona unatikisika, au ni yeye anayetikisika, akashika dashibodi kwa mikono miwili, akaacha kupumua kana kwamba upepo ule wote umo kifuani mwake na akilegea utatoka, akauambia kwa sauti ya chini, kwa lugha ya mama yake, usishuke, tafadhali, usishuke, hadi Jumamosi tu...