Wifi wa Vitabu vya Mapishi

Siku mume wa Msusi alipofungasha nguo zake na kuhamia kwa mwanamke mwingine, mtu wa kwanza kubisha hodi pale nyumbani alikuwa wifi yake, dada wa huyo huyo aliyeondoka. Msusi alimfungulia kwa macho mekundu na moyo wa shari. Alidhani anajua kilichomleta. Amekuja kudai pasi au kochi, au kumwambia kwamba mwanamume hakimbii nyumba bila sababu. Wifi ni wifi.

Yule mwanamke alimpita pale mlangoni kama hakuona uso uliomkunjamania, akaenda moja kwa moja jikoni. Akatua mezani mfuko wa biringanya, na juu yake kitabu kinene cha mapishi kilichokwishapoteza jalada. Kazi yake ilikuwa kuuza vitabu vya mitumba katika kibanda nyuma ya posta, na vilivyomdodea aliviokoa mwenyewe.

"Kaka yangu ni mjinga," alisema. "Hilo tumelimaliza. Sasa menya vitunguu. Ukitaka kulia, lia, tutavisingizia."

Biringanya ziliungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Walizila hivyo hivyo, wamesimama, sufuria ikiwa katikati yao. Ndicho chakula cha kwanza kilichopita kooni mwa Msusi tangu masaibu yale yampate.

Mwezi uliofuata Wifi alirudi na kitabu kingine. Halafu mwezi mwingine tena. Ikawa desturi, na desturi ikavuta watu. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, mzee mgane aliyestaafu kufundisha hesabu, ambaye alifika kibandani kuomba kitabu cha mtu asiyejua hata kuchemsha yai. Wa pili alikuwa fundi wa mafriji, jitu la miraba minne ambalo kila mtu aliliita Barafu. Huyo alikuja kutengeneza friji ya Wifi, akanusa kilichokuwa jikoni, na kazi yake ilipokwisha akakataa kuondoka.

Basi kila mwezi, Jumapili ya kwanza, wanne hao walikutana nyumbani kwa mmoja wao. Kitabu kimoja, na kila mtu achague pishi ambalo hajawahi kulipika maishani mwake. Walipika pamoja, wakigongana viwiko na kugombea kisu kikali, kisha Wifi akaonja kwanza. Hakuna aliyempa kazi hiyo, alijichukulia tu. Na mdomo wake haukuwa na breki. Supu ya malenge ya Barafu aliiita maji ya kuoshea rangi. Mkate wa Mwalimu aliugonga mezani mara mbili, akauliza kama kuna mtu anajenga. Hakuwahi kumvisha mtu kilemba cha ukoka, na kwa sababu hiyo siku aliposema "hiki kimekubali," mpishi alirudi nyumbani kichwa juu.

Msusi alianza kucheka tena katika zile Jumapili. Mwanzoni kicheko kilimtoka kwa aibu, kama mtu aliyeazima nguo. Baadaye kikawa chake.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera. Tangu aolewe, nywele za Wifi zilikuwa mikononi mwake. Alizijua hadi mahali zilipopinda nyuma ya sikio la kushoto. Mara Wifi akaanza kutoa udhuru. Leo amechoka, wiki ijayo ana wageni, sasa hivi anapenda kufunga kitambaa. Msusi alikaa saluni kwake akisokota nyuzi za watu wengine huku wivu ukimtafuna. Alijiambia kwamba Wifi amepata msusi mwingine na anaona haya kusema. Alinuna. Jumapili moja alimpokea kwa salamu ya ncha ya ulimi, na Wifi akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga.

Jumapili hiyo hiyo Mwalimu alioka pai ya ndimu. Alikuwa ameisoma wiki nzima kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Ilitoka ikiwa imeiva vizuri, rangi ya dhahabu pembeni, na yeye akaiweka mbele ya Wifi kwa mikono miwili.

Wifi alikata kipande, akatafuna polepole, akameza.

"Mwalimu, leo umejipita mwenyewe," alisema. "Tamu kweli."

Mzee wa watu uso ulimchanua. Barafu, ambaye hakuwa mtu wa vipande vidogo, alijaza kijiko na kukisukuma chote mdomoni. Macho yakamtoka. Aliinuka na kukimbilia sinki.

"Mwalimu! Hii ni bahari!" alipiga kelele akitema. "Umetia chumvi, mzee wangu! Umetia chumvi badala ya sukari!"

Mwalimu alionja, akafunga macho kama aliyepigwa. Msusi naye alionja, akacheka hadi akashika meza. Wote walicheka. Kisha Msusi akaacha kucheka, maana alimwona Wifi. Wifi alikuwa ameshakata kipande cha pili na kukileta karibu na mdomo. Alikishika hapo hapo hewani, akikitazama, kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolifahamu.

 Bomba lilikuwa bado likitiririka pale Barafu alipoliacha.

"Wifi," Msusi alisema. "Wewe hukuisikia chumvi?"

Wifi aliweka kijiko chini.

"Sisikii kitu," alijibu. "Siku nyingi sasa. Dawa zimeuchukua ulimi wangu. Nikila ni kama nalamba sufuria tupu." Kisha alifungua kitambaa kichwani na kukiweka mapajani. Kichwa kilikuwa kitupu, kimeng'aa.

Msusi alikitazama kichwa kile. Kumbe hakukuwa na msusi mwingine. Zile nywele alizozigombea moyoni zilikuwa zimeanguka zote, na yeye akiwa amenuna.

Ulikuwa uvimbe tumboni, na ulikuwa umeshasambaa. Wifi alieleza kwa kifupi, kama anavyotaja bei ya kitabu. Alikuwa akienda hospitali peke yake, akirudi peke yake, na kila Jumapili ya kwanza akijifunga kitambaa na kuja kuhukumu vyakula asivyoweza kuvionja. Kwa miezi kadhaa alikuwa akisoma nyuso za waliopika kujua kama chakula kimekolea au hakikukolea.

"Ulinificha mimi?" Msusi alilia. "Mimi?"

"Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kucheka," Wifi alisema. "Ningekuambiaje?"

Mwalimu alivua miwani na kuifuta kwa muda mrefu. Barafu alienda kufunga bomba.

"Kaka yako anajua?" Msusi aliuliza walipobaki wawili.

"Hajui. Na asijue kwa kinywa chako. Siku aliyokuacha nilimwambia sina kaka. Akitaka kurudi kwangu, arudi kwa kuwa amekosa, asirudi kwa kuwa nakufa."

"Wifi, damu ni damu."

"Niahidi."

Msusi akaahidi. Baadaye ahadi ile ilimtokea puani.

Tangu hapo walikutana nyumbani kwa Wifi, katika chumba ambacho vitabu vilipangwa hadi chini ya kitanda. Walimtaka apumzike, akakataa kata kata. Walipika wao, yeye akakaa kwenye kiti cha mto, na kila chungu kilipoiva aliwaambia, "Haya, nielezeni." Hakutaka kusikia kwamba ni kitamu. Alitaka aelezwe hadi akione. Mwalimu alijaribu kwa utaratibu wake: kwanza uchachu, halafu utamu unaoufuata kwa mbali, halafu pilipili inayofika imechelewa na kukaa kiti cha mbele. Barafu hakuwa na utaratibu wowote.

"Hii ni kama kupigwa kofi na mtu unayempenda," alisema siku moja juu ya mchuzi wa haradali.

Wifi alicheka hadi akakohoa, na alipomaliza kukohoa akasema, "Sasa hiyo nimeionja."

Msusi ndiye aliyeshindwa kila mara. Alikuwa akitia kijiko mdomoni, anajaribu kutafuta neno, na neno linakwama. Ilikuwaje yeye awe na ulimi mzima, na Wifi asiwe nao? Wifi alimpigapiga goti na kusema, "Wewe usijali. Kula tu, nikuone."

Madaktari walipoacha zile dawa kwa kuwa hazikusaidia tena, nywele zilianza kuota upya, laini kama za mtoto mchanga. Wifi alifurahi kama msichana. Aliuliza zikifika wapi ndipo zitasukika. Msusi alizipima kwa kidole na kudanganya kwamba bado kidogo.

Siku za mwisho Wifi alilazwa, na akili ikawa inaenda na kurudi. Alasiri moja, Msusi akiwa kando ya kitanda, Barafu aliingia wodini akitoka mvuani. Wifi alimkodolea macho, kisha akatabasamu tabasamu ambalo hawakulijua.

"Kaka," alimwita. "Viatu vimelowa. Vivue upesi, mama asikuone."

Barafu alimtazama Msusi. Kisha, jitu zima lile, likainama na kuvua viatu.

Wifi alifariki asubuhi, Msusi akiwa anampaka mafuta kichwani. Vidole vilikuwa bado vinazunguka taratibu kwenye zile nywele changa alipohisi kwamba kichwa kimekuwa kizito kwa namna nyingine. Hakuacha mara moja. Alimalizia upande uliobaki.

Ni yeye mwenyewe aliyempigia simu mtalaka wake, kaka wa marehemu, kwani talaka ilikuwa imeshatoka. Sauti ikasema, "Ulijua. Muda wote huu ulijua, ukanificha dada yangu." Na ilikuwa kweli.

Msibani ukoo ulijaa. Msusi alifika na vazi lake jeusi, akavua viatu kizingitini mwa chumba ambamo wanawake wa familia walikaa. Shangazi wa marehemu aliinua mkono.

"Humu ni watu wa damu na wake wa ukoo," alisema. "Wewe ni nani?"

"Shangazi, ni mimi. Wifi yake."

"Wifi kwa nani? Talaka si ulishapewa?" Akageuza kichwa kumwelekea mwanamke kijana aliyekaa kando ya ukuta, amejifunika, macho chini. "Wifi wa marehemu yule pale."

Mwanamke yule hakuwahi hata mara moja kukutana na Wifi. Kusema haki, alionekana kutamani ardhi impasukie. Na nyuma ya Shangazi, kwenye korido, alisimama mume wa zamani. Alisikia kila neno. Alitazama ukuta.

Msusi alivaa viatu vyake. Alizunguka nyumba hadi uani, ambako Barafu alikuwa akipasua kuni na Mwalimu amepewa gunia la viazi. Hakuwaeleza kitu. Akachukua kisu, akakaa, akamenya. Walipikia umati siku ile, na sahani zikawa zinachukuliwa moja baada ya nyingine kuingizwa ndani. Chakula chake kiliingia asikoruhusiwa kuingia yeye. Kaburini alisimama nyuma sana, na mbele yake migongo ilikuwa mingi mno hata hakuona jeneza likishushwa.

Jumapili ya kwanza ilipofika, Mwalimu alikuja na kitabu kwapani, Barafu akaja na kuku. Walikaa jikoni kwa Msusi. Mwalimu alifungua ukurasa, akausoma kimoyomoyo, akakifunga kitabu. Hakuna aliyewasha moto. Walikunywa chai ya rangi, wakaagana mapema, na kuku akabaki kwenye friji.

Wiki moja baadaye, mchana, mtalaka wake alisimama mlangoni pa saluni. Alikuwa amekonda. Hakukuwa na mteja, naye akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Shangazi alikukosea," alisema. "Nilisikia. Nikanyamaza."

"Najua ulinyamaza."

Alikunja na kukunjua mikono. Msusi aliendelea kuchambua nyuzi.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja, halafu niende. Alinitaja? Hata mara moja?"

Msusi aliuona uso wake katika kioo. Angeweza kusema hapana. Lile neno lilikuwa tayari ulimini, na lingemkata huyu mtu maisha yake yote. Na ile alasiri ya wodini ilikuwa mali yake yeye, kwa kuwa watu wa damu walikuwa wamejichukulia kila kingine.

"Alikutaja," alisema hatimaye. "Alimwona mtu mwingine akadhani ni wewe. Alikuambia uvue viatu, vimelowa, mama asikuone."

Mwanamume yule alijishika uso. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, na katikati ya kilio alisema mambo ya mto na ya viatu vya shule ambayo Msusi hakuyaelewa wala hakuyauliza. Alifunga pazia la mlangoni ili wapita njia wasimwone. Alimletea maji. Hakumgusa. Alipoondoka alisema asante, na Msusi akabaki ameshika glasi, moyo ukiwa mtupu kama duka lililohamwa.

Jioni ileile aliingia mteja mpya, mama wa makamo, akitaka nywele za kulala nyuma. Msusi alimchana, akagawa mstari wa kwanza. Vidole vyake vilipita nyuma ya sikio la kushoto, vikasimama.

"Vipi, mwanangu?" mama aliuliza akimtazama kwenye kioo. "Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimefiwa."

"Masikini! Na nani?"

"Na wifi yangu."

Yule mama aligeuka kitini, nywele nusu zimesimama, akamshika mikono yote miwili pamoja na kitana chake. "Pole," alisema. "Pole sana, mwanangu. Pole."

Tangu kifo kile, pole zote zilikuwa zimeenda kwa wengine. Hii ilikuwa ya kwanza kumfikia yeye. Msusi aliinama, akaweka paji la uso begani kwa mgeni yule, akalia kilio ambacho hakuwa amepata mahali pa kukilia.