Jino Limekwenda Wapi

Chiriku alikuwa na miaka minane na mdomo usiojua likizo. Hata akila alikuwa anasimulia. Mchana ule alipanda juu ya meza ya kukatia nguo, kwa shangazi yake fundi cherehani, akawa anaigiza mwalimu wao anavyocheka. Mguu ukateleza kwenye kitambaa cha satini. Akaja chini kifudifudi, mdomo ukagonga ukingo wa cherehani.

Fundi alimwinua. Damu ilimtapakaa mtoto kidevuni, na pale mbele, mahali pa jino la kudumu lililoota mwaka jana tu, palikuwa na shimo. Chiriku alikohoa, akakohoa tena mpaka macho yakamtoka, halafu akatulia.

"Pole mwanangu, pole. Yamekwisha." Alimpa funda la maji asukutue, akamkunjia kitambaa safi aking'ate, kisha akampigia simu wifi yake.

"Litafute hilo jino!" mama mtoto alimaka. "Usilisugue. Litie kwenye maziwa, ukimbilie kwa daktari wa meno. Nakukuta huko huko."

Basi fundi akapiga magoti. Alipekua vipande vya nguo, akakung'uta mapazia ya wateja, akamwaga kopo la vifungo na kuvipapasa. Jino hakuna. Mtoto alikaa nyuma yake kimya, naye fundi akafurahia kimya kile, akidhani maumivu yamepoa. Ndipo akasikia mluzi mwembamba, unakuja na kupotea, unakuja na kupotea. Akatazama dirishani. Halikuwa dirisha.

"Ni wewe unayepiga mluzi?"

Chiriku akatikisa kichwa kukataa.

Fundi akaingiwa na wasiwasi asioujua chanzo. Aliacha vifungo vilivyomwagika, akamshika mtoto mkono wakatoka.

Kwa daktari, wifi alikuwa ameshafika, chupa ya maziwa mkononi. Daktari wa meno, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, alimulika kinywani, akapitisha kidole kwenye ufizi.

"Halikuvunjika, limeng'oka zima na mzizi wake. Liko wapi?"

"Sikuliona, daktari. Nimepindua nyumba nzima."

Daktari akazima taa. Alitwaa kipimo cha kusikilizia kifua, akakiweka upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kulia alikawia mno.

"Alipoanguka alikohoa?"

"Sana. Lakini baadaye akatulia."

"Hakutulia, dada yangu. Nadhani jino limeingia njia ya hewa." Akamgeukia msaidizi wake. "Ita gari la wagonjwa. Mtoto akae wima, asilazwe, asinywe kitu."

Wifi aliweka chupa sakafuni polepole, kana kwamba ingelipuka. "Ulimpa chochote, wifi?"

"Maji. Funda moja tu."

Wifi akamvuta mtoto upande wake.

Garini, katikati ya safari, mluzi ukakoma. Fundi alifumbua mdomo ashukuru, akamwona muuguzi akimvisha mtoto barakoa ya hewa kwa haraka na kumhimiza dereva aongeze mwendo. Akaufumba.

Hospitalini picha ya kifua ililionyesha jino: jeupe, limesimama kwenye mrija wa pafu la kulia kama mtu aliyeziba mlango. Walimlaza mtoto usingizi wa dawa, wakalitoa kupitia kinywani kwa kikoleo chembamba. Halikufaa tena kurudishwa kwenye ufizi. Na pafu nalo lilikuwa limeumia. Usiku ule homa ikapanda, ikakataa kushuka. Zaidi ya wiki walimsikiliza kifua asubuhi na jioni, bila kuahidi neno.

Fundi hakukosa hata siku moja. Wifi alimpokea, akamwambia ahsante, akamsogezea kiti. Macho tu ndiyo hakumpa.

Hatimaye homa ilikata shauri ikaondoka, Chiriku akaruhusiwa, amekonda, pengo wazi. Pale mlangoni fundi alinyoosha mkono ampokee wifi mkoba wa mtoto. Wifi akauhamishia bega la pili.

"Acha tu, wifi," alisema kwa upole. "Nitaubeba mwenyewe."