Fundo Katikati ya Kiwavi

Viwavi saba walikuwa wamekwisha kupasuka mikononi mwa binti, na msimamizi wake wa utafiti alikuwa ameanza kutazama saa kila akipita mlangoni. Kazi yenyewe ukiisikia ni ya kitoto: mchukue kiwavi wa nondo aliyekaribia kugeuka, mfunge uzi katikati, usubiri. Lakini kiwavi ni kama puto la maji. Ukilegeza, damu inapenya, ukikaza, umempoteza.

Siku ya nane mama yake, fundi cherehani, alipita maabara kumletea koti jeupe alilolirekebisha kwapani. Akamkuta machozi yanamlengalenga.

"Uzi ndio unakuliza?" Mama akavuta kiti. "Wadudu hawa wananisisimua mwili, lakini uzi ni wangu. Lete."

Akafumba jicho moja, akalainisha uzi kwa mate, akazungusha mara mbili, akavuta taratibu kama anayefunga kishikizo cha nguo ya mtoto mchanga. Kiwavi akajinyonganyonga, asipasuke.

"Haya, niambie nimefunga nini."

"Njia, mama. Kuna homoni inatoka upande wa kichwani, inapita kwenye damu kuuambia mwili: acha utoto, kuwa pupa, jifungie gandani ugeuke nondo. Umeiziba njia."

"Pupa? Ndiyo maana wana haraka!" Mama akacheka peke yake, akafunga kumi na wawili, akarudi zake kushona.

Siku chache baadaye binti alifunua sanduku la viwavi, akapiga kelele mpaka msimamizi akaja mbio. Mbele ya uzi, pupa ngumu ya kahawia. Nyuma ya uzi, kiwavi yuleyule, laini.

"Mafundo haya kafunga nani?"

"Mama yangu. Ni fundi cherehani."

"Mpigie simu."

Mama alipofika, alichungulia kwenye kioo cha kukuzia, akaguna. "Mbele mtu mzima, nyuma mtoto. Mjomba wako mtupu!" Kisha akauliza, "Na tungewafunga siku moja baadaye?"

Binti na msimamizi wakachukua daftari. Hilo hawakuwa wamelipanga.

Wakafunga viwavi wengine, kila kundi kwa siku yake. Waliofungwa mwisho waligeuka pande zote mbili, uzi usiwazuie. Ujumbe ulikuwa umeshapita.

Ripoti ilipotoka, jina la mama lilikuwemo, la pili kutoka juu. Mama aliibandika ukutani anaposhonea, na tangu hapo mteja hapimwi nguo kabla ya kusikiliza habari za homoni.